Zimwi Likujualo

Watu wakisikia nakusanya kadi, wazo la kwanza ni karata. La pili ni kadi za harusi. Kwa hiyo nianze na maelezo, maana hata kwenye blogu ya wapenda vitabu si kila mtu anavijua vitu hivi.

Kadi ninazozisema zina ukubwa wa karibu sentimita 6.4 kwa 8.9. Mbele kuna picha iliyokatwa kutoka kwenye filamu, nyuma kuna maelezo mafupi na namba ya kadi katika seti. Huuzwa ndani ya pakiti iliyofungwa, hujui utakuta nini. Kadi za kawaida ndizo nyingi. Katikati yao mtengenezaji huchomeka chache za bahati: yenye saini ya mwigizaji, yenye kipande cha nguo iliyovaliwa kwenye filamu, au iliyochorwa kwa mkono na msanii ambayo ipo moja tu duniani. Nyingine hupigwa namba, tuseme 47/99. Maana yake zimechapwa 99, hii ni ya 47, na ya 100 haitakuja. Sisi wagonjwa wa mambo haya tunaishi kwa ajili ya hako kamkwaju kalikolala kati ya namba mbili.

Mimi nakusanya za filamu za kutisha. Si zile kubwa zinazotangazwa kwenye mabasi. Nazungumzia zile ambazo watu wengi hawajawahi kuzisikia, lakini wachache wanaozijua wanazijua kama sala, mstari kwa mstari.

Desturi hii ni ya zamani kuliko mimi. Mwaka 1962 kampuni ya Topps ya Marekani ilitoa seti iitwayo Mars Attacks: kadi 55 zinazosimulia viumbe wa Mirihi wakivamia dunia, zimechorwa kwa rangi kali na Norman Saunders, na pakiti iliuzwa senti 5. Kadi ya 36 inaonyesha kiumbe akimteketeza mbwa mbele ya macho ya mtoto mwenye mbwa wake. Wazazi walilalamika, biashara ikakatishwa mapema, na kwa sababu hiyohiyo leo kadi zile zinatafutwa kama dhahabu. Mwaka 1988 Topps ilirudi na Fright Flicks, kadi 90 na stika 11, picha za filamu za kutisha na maneno ya mzaha chini yake. Siku hizi kazi hii inafanywa zaidi na vikampuni vidogo. Vinachapa maboksi machache, vinatangaza saa ya kuuza, na ukichelewa kidogo tu imekula kwako.

Sasa nieleze mtoto wa Tanga ameingiaje humo.

Nilikulia Ngamiani, na elimu yangu ya sinema niliipata kwenye kibanda cha video. Mabati juu, magunia pembeni, benchi za mbao, televisheni moja iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha chuma kama mfungwa. Kaka yangu Saidi ndiye aliyenipeleka. Alinizidi miaka mitano, na alikuwa na namna yake ya kuzungumza na mlinzi wa mlango hata tukaingia wawili kwa nauli ya mmoja. Kanda nyingi zilikuwa zimetafsiriwa. Ukisikia sauti ya Lufufu juu ya sauti za Wazungu, unajua leo hata ukikosa picha hukosi hadithi. Ila kanda za kutisha zilikuja bila tafsiri, usiku, na hapo Saidi ndiye alikuwa Lufufu wangu. Alikuwa hajui Kiingereza zaidi yangu. Alitunga tu. Mpaka leo kuna filamu ambazo nikiziangalia nasikia maneno ya Saidi, na maneno ya mwigizaji yananionea haya.

Siku moja ilionyeshwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Watu wakaguna, wakataka warudishiwe hela. Kaka na dada wanaendesha gari kwenda makaburini kuweka shada kwenye kaburi la baba yao. Kaka anamtania dada. Halafu kwa mbali anatokea mtu anayetembea vibaya. Baada ya dakika kumi hakuna aliyekumbuka hela yake.

Jina la filamu niliambiwa miaka mingi baadaye: Night of the Living Dead, ya mwaka 1968, iliyoongozwa na George A. Romero. Nililijua jina hilo nikiwa tayari naishi Pittsburgh, nafanya kazi ya usiku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mfanyakazi mwenzangu akaniambia, yaani kama mtu anayetaja duka la mkate, kwamba ile filamu ilipigwa hapa hapa. Makaburi yenyewe yako Evans City, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kuelekea kaskazini. Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Kuna kakanisa kadogo kanakoonekana kwenye filamu. Kalikuwa karibu kubomolewa, wapenzi wa filamu wakachanga pesa kakakarabatiwa. Nilisimama pale na simu mkononi nikampigia Saidi. Kule ilikuwa usiku. Nikamwambia nilipo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Toka hapo, wewe. Jua linazama."

Kadi ya kwanza nilinunua mwezi ule, kwenye maonyesho ya wapenzi wa katuni na filamu kule Monroeville. Kwa asiyejua, Monroeville ndipo lilipo jumba la maduka ambamo Romero alipiga Dawn of the Dead, iliyotoka 1978. Nilimtumia Saidi picha ya kadi, mbele na nyuma. Akaniomba nimtafsirie nyuma. Nikatafsiri. Akasema tafsiri yake ya kibandani ilikuwa bora, na nadhani alikuwa sahihi.

Hapo ndipo mchezo wetu ulipoanzia. Nikipata kadi natuma picha, naandika maelezo kwa Kiswahili, yeye anasahihisha. Na hapo ndipo tulipogongana na tatizo ambalo wapenda lugha mtalifurahia: wale wafu tuwaiteje?

Ndani ya filamu yenyewe neno zombi halitamkwi hata mara moja. Watangazaji wa redio na televisheni wanawaita "ghouls". Neno hilo Kiingereza kimelichukua kwenye Kiarabu, ghul, kile kiumbe cha jangwani kinachokula watu. Mimi nilitaka zimwi. Saidi alitaka msukule.

Nikambishia. Msukule, nilimwambia, halii mtu. Kwa tunavyosimuliwa, msukule ni mtu aliyechukuliwa na mchawi. Watu wanazika wakidhani ni yeye, kumbe kaburini limelala gogo la mgomba. Yeye yuko shambani kwa mchawi, amekatwa ulimi asiseme, anakula pumba, analima usiku kucha bila ujira. Huyo ni mtumwa. Anafanana na zombi wa mwanzo wa sinema, wale wa White Zombie ya 1932, wanaosaga miwa kiwandani huko Haiti kwa ajili ya bwana wao. Romero aliwaondolea wafu bwana. Wake hawatumwi na mtu. Wanatembea kwa njaa yao wenyewe.

Saidi akajibu kwa ujumbe wa sauti, nausikia mpaka leo: "Kwa hiyo anayefanya kazi usiku kucha kwa mtu asiyemjua, asiyeweza kusema, huyo ndiye msukule? Basi sawa, mdogo wangu. Usiku mwema kazini."

Nilicheka peke yangu nikisukuma toroli la mashuka.

Tukakubaliana zimwi, kwa sababu ya methali. Wote tunaijua: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ni methali ya faraja ya ajabu. Haisemi hutaliwa. Inasema aliyekujua atakubakiza kidogo. Ukiifikiria, filamu ya Romero imekaa kuipinga methali hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yule kaka aliyemtania dada yake makaburini anarudi mwishoni akiwa miongoni mwa wafu, na ni yeye anayemkamata dada na kumvuta nje kwenye kundi. Mtoto Karen anamla baba yake, kisha anamuua mama yake kwa mwiko wa kujengea. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, kila mkusanyaji anajua hilo, na bado ukiitazama inatisha. Zimwi la Romero linakujua vizuri kabisa na halibakizi.

Saidi alifariki Agosti 2019. Presha ilimpanda usiku, asubuhi haikumkuta. Alizikwa siku ileile baada ya alasiri, kama ilivyo kwetu. Hata ningekuwa na mabawa nisingefika, na mabawa sikuwa nayo: makaratasi yangu yalikuwa yanasubiri uamuzi, na mtu wa hali hiyo akitoka nchini anaweza asirudi. Kwa saa za kwetu Pittsburgh ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimetoka kazini, nimekaa kwenye kituo cha basi. Binamu yangu alinitumia picha 23 kwa WhatsApp. Hakutuma video. Alisema mtandao ulikuwa mdogo.

Picha 23. Jeneza begani. Migongo ya kanzu. Mtu anayeinama. Mkono na udongo. Kati ya picha moja na nyingine kuna kitu kinachotokea ambacho sikukiona na sitakiona.

Nitasema jambo ambalo mtu wa nje anaweza kuliona la kipuuzi. Kitu kilichonisaidia kuzitazama picha zile ni mwisho wa Night of the Living Dead. Shujaa wake, Ben, aliigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi ambaye pia alikuwa mwalimu, na aliyefariki 1988. Mswada haukumtaja kama mtu mweusi. Jones alipata nafasi kwa kuwa alifanya majaribio vizuri kuliko wengine, na mswada haukubadilishwa kwa sababu ya rangi yake. Ben anapigilia mbao, anapanga, anabishana, anavuka usiku mzima akiwa hai peke yake. Asubuhi linakuja kundi la raia wenye bunduki na mbwa, linaloongozwa na afande wa wilaya. Ben anachungulia dirishani. Wanampiga risasi kichwani, wakidhani ni mmoja wa wafu, au bila kudhani chochote. Romero alisimulia kwamba yeye na mwenzake walikuwa njiani kupeleka filamu iliyokamilika New York waliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa. Ilikuwa Aprili 1968.

Na hapo filamu inaacha kwenda. Picha mjongeo inageuka picha mnato. Zinakuja moja moja, zenye chengachenga kama za gazeti la zamani: wanaume, ndoano za nyama, mwili unaoburutwa, kuni. Hatumwoni Ben akibebwa. Tunaonyeshwa vipande vya kubebwa kwake. Mtu tuliyekesha naye tunanyimwa hata mwendo wake wa mwisho. Nilipoiona kibandani nilidhani kanda imeharibika. Saidi, katika tafsiri yake, alisema: "Hapa wameishiwa filamu, wakapiga picha za kawaida." Pale kituo cha basi nikaelewa kwamba kuna watu ambao mazishi hutufikia hivyo, vipande vipande, na kwamba si kosa la mtandao peke yake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nalipa pesa kwa vipande vya karatasi, jibu refu ni hilo. Kadi ni kipande cha filamu kilichosimama. Unakishika. Hakiendi mbele, hakifiki kwenye risasi.

Jibu fupi ni kwamba inapendeza kuwa na 47/99, na sitajifanya mtakatifu.

Maana kuna kichekesho hapa. Night of the Living Dead haina mwenyewe. Sheria ya Marekani wakati ule ilitaka nakala ya filamu iwe na tangazo la hakimiliki. Filamu ilikuwa inaitwa Night of the Flesh Eaters. Jina lilipobadilishwa na msambazaji, tangazo lililokuwa kwenye fremu ya jina la zamani likapotea pamoja nalo. Basi. Filamu ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Waliotumia kama dola 114,000 kuitengeneza waliiona ikinakiliwa na kuuzwa na kila mwenye mashine. Ndiyo maana iliweza kufika mpaka kibandani Ngamiani, na ndiyo maana haikufa. Mwaka 1999 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Sasa fikiria: picha ambayo ni ya kila mtu duniani, mtu anaichapa mara 99, anaipiga namba, na mimi nashindwa kulala. Uadimu umetengenezwa juu ya kitu kisicho adimu hata kidogo. Na juu ya uadimu huo kuna tabaka jingine: unaipeleka kadi kwa kampuni ya kukagua, wanaipa alama kutoka 1 hadi 10, wanaifungia ndani ya plastiki ngumu isiyofunguka. Kadi yenye alama 10 haiguswi tena na mtu. Nimeziona zimepangwa mezani kwa wauzaji, zinang'aa, na kila mara nakumbuka ile televisheni ya kibandani ndani ya chuma chake.

Mwaka 2021 mtoto wa Saidi, Idrisa, alitakiwa kuhamia shule ya bweni. Ada ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa mashuka. Niliuza. Fright Flicks seti nzima, kadi tatu za saini, maboksi mawili yasiyofunguliwa. Mnunuzi alikuwa mzee mmoja mpole ninayemjua kutoka kwenye maonyesho. Alipomaliza kuhesabu akanyoosha kidole kwenye kurasa za mwisho za albamu, zile za Romero. Akaniambia bei ya 47/99. Ilikuwa bei nzuri, ingelipa muhula mwingine. Nikamwambia hizo haziuzwi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kusema hivyo mwenyewe, hakurudia.

Muhula ule mwingine niliulipa kwa zamu za Jumapili. Kila mmoja ana hesabu yake.

Tangu hapo nimepungukiwa hamu ya kufukuza namba. Nilichobaki nacho ni lile daftari la mimi na Saidi: tafsiri, masahihisho, matusi madogo ya kindugu. Na filamu ni mali ya umma. Hakuna wa kumwomba ruhusa. Msimu wa baridi uliopita nikachagua fremu 20, nikaandika nyuma kwa Kiswahili, nikatumia maneno ya Saidi kila palipowezekana, hata pale alipokosea. Ile ya picha mnato nimeandika hivyohivyo: hapa wameishiwa filamu. Nilichapisha kwenye duka la nakala lililo karibu na kazini, seti 5 tu, nikazipiga namba kwa kalamu.

Nikiwa nakata kingo nilikuwa nawaza filamu za kwetu. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi zilitufanya tuogope kwenda chooni usiku. Ziko wapi kanda zake sasa? Sijawahi kuona kadi ya Shumileta. Sijawahi kuona hata kava lake likiwa halijapauka. Wenzetu wana kadi 90 za filamu ambazo wengine wanazicheka. Sisi tuna kumbukumbu za watu walioketi kwenye mabenchi, na hao nao wanaondoka. Mwenye kanda nzima nyumbani, tafadhali asiitupe. Aitafutie mtu wa kuihamishia kwenye kompyuta, hata kwa kuazima.

Seti ya kwanza nilimtumia Idrisa, kwa mkono wa mtu anayekwenda likizo. Nilijua itapita kwa mama kwanza, na mama ana msimamo wake. Picha za mashetani haziingii ndani ya nyumba inayosaliwa. Nilipopiga simu alikuwa ameshazishika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, ndiyo mambo gani haya umemtumia mtoto?"

Nikamwambia ni ile filamu, ya Saidi. Kimya. Kisha nikasikia anamwita Idrisa amsomee, maana miwani yake ilikuwa chumbani. Idrisa akasoma kadi ya kwanza kwa sauti ya darasani: Kaka na dada wamesafiri mwendo mrefu kuzuru kaburi la baba yao. Dada anasali. Kaka anamharakisha.

"Wamekwenda kuzuru kaburi?" mama akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Mwendo mrefu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Mama akafikiri. "Hao watoto wana adabu," akasema. "Hiyo ibaki. Hizo nyingine mrudishie baba yako mdogo."

Idrisa akasema sawa bibi. Usiku akanitumia ujumbe: nyingine ameziweka ndani ya kitabu cha jiografia, na anauliza zimwi la kadi ya 14 lilikuwa ndugu wa nani.